Mtumishi wa Serikali ni Mtu wa Nani?

Kuna neno moja linalosemwa sana katika biro za Kindu, nalo ni hili: "Yule ni mtu wa fulani." Karani amepandishwa cheo, watu hawaulizi amefanya kazi gani njema, husema tu ni mtu wa fulani. Mwingine ameondolewa mjini akapelekwa Lubutu au Kabambare. Watu hawaulizi kosa lake, husema fulani wake ameanguka. Na huyo fulani mara nyingi ni mbunge au gavana, yaani mtu aliyepata kiti chake kwa kura, au ni waziri wa mkoa.

Neno hili limezoeleka hata halitushtui tena. Lakini ndani yake mna swali kubwa la haki, na sisi Wakristu yatupasa kulitazama vizuri. Mtumishi wa Serikali ni mtu wa nani? Aliyechaguliwa na watu ana haki gani juu ya kupanda kwake na kushuka kwake? Na mtumishi naye, ana deni gani kwa mkubwa aliyemtafutia kazi?

Sheria yasema nini

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yaeleza katika kifungu cha 193 kwamba utumishi wa umma hauna siasa ya chama wala hauegemei upande, na kwamba mtu yeyote haruhusiwi kuugeuza kwa faida yake mwenyewe au ya chama chake. Kifungu cha 13 chakataza kumbagua Mkongo katika kupata kazi za Serikali kwa sababu ya dini, ya jamaa, ya kabila au ya mawazo yake ya siasa. Tena sheria ya tarehe 15 Julai 2016, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1981, yataka watumishi wa kudumu waingie kazini kwa mtihani wa mashindano, na wapandishwe kwa kufuata kazi waliyoifanya.

Sheria haikatazi wakubwa wa siasa kuwa na watu wao. Gavana na mawaziri wa mkoa wana kabineti zao. Watu wa kabineti huchaguliwa na mkubwa mwenyewe, huja naye, na akiondoka huondoka naye. Hapo hapana ubaya. Ni kama watu waliopanda mtumbwi mmoja: ukifika ng'ambo, wote washuka. Lakini karani wa viwanja, mkaguzi wa shule, mtoza kodi, muuguzi wa zahanati ya Serikali, hao ni kama gati la mto Lualaba. Mitumbwi huja na kwenda, bali gati hubaki palepale, na kila msafiri hulihitaji, awe ametoka Kasuku, Mikelenge au Alunguli. Mwenye mtumbwi akianza kuling'oa gati ili ajengee mtumbwi wake, watakaokuja nyuma watashukia wapi?

Mkono huingilia wapi

Basi, ikiwa sheria ni wazi hivyo, mkono wa mwanasiasa huingilia wapi? Njia ni nyingi, nasi tutataja nne.

Ya kwanza ni mlango wenyewe wa kazi. Kazi mpya zikipatikana, mtihani haufanywi, au wafanywa wakati majina yamekwisha andikwa.

Ya pili ni kukaimu. Mtu huwekwa kwa muda juu ya cheo kisichomfaa bado, na kwa kuwa ni wa muda aweza kuondolewa asubuhi yoyote. Mtu wa namna hiyo hana nguvu ya kusema hapana. Hata akiambiwa jambo baya, atainamisha kichwa, maana kiti chake hakina miguu.

Ya tatu ni uhamisho. Sheria imeuweka kwa faida ya kazi, lakini wengine huufanya kiboko. Mtu mwenye mke na watoto sita walio shuleni hapa Kindu akipelekwa ghafula Punia au Kabambare, na hali ya njia zetu twaijua, ameadhibiwa bila kushtakiwa wala kusikilizwa.

Ya nne ndiyo kubwa kupita zote, nayo ni mshahara. Watumishi wengi wa Kongo, na walimu wa shule zetu wakiwa miongoni mwao, wamefanya kazi miaka na miaka bila kulipwa na Serikali. Wapo darasani kila siku, lakini hawana namba ya kazi, wala majina yao hayamo katika orodha ya mishahara ya Kinshasa. Mwalimu wa Kailo au wa Pangi ataifuataje dosye yake mpaka Kinshasa? Nauli yenyewe yashinda mshahara anaoungoja. Nani basi aenda Kinshasa na kurudi? Ni mbunge. Hivyo dosye yaingia katika mkoba wa mbunge, na pamoja na dosye waingia moyo wa mwalimu.

Hapa twaona jambo la maana. Mwanasiasa hupata nguvu juu ya mtumishi mahali pale ambapo sheria imeachwa bila kutendeka. Mtu anayelipwa kila mwezi kwa wakati wake hana haja ya mlinzi. Mtu aliyesahauliwa lazima atafute wa kumkumbuka. Hatusemi kwamba kila mbunge anayebeba dosye ni mwovu. Kupeleka malalamiko ya watu kwa wakubwa ni kazi yake, na wengine huifanya kwa huruma ya kweli. Ubaya waanza siku ile anapofungua mkoba na kuchagua: hii ni ya mtu wetu, niipeleke, hii ni ya yule aliyempigia mwenzangu kura, ibaki.

Hoja ya wanaopinga

Wengine watatujibu: "Mteule ametumwa na watu. Kama watumishi hawamwogopi, atatimizaje aliyoahidi? Je, mnataka makarani, ambao hawakuchaguliwa na mtu, watawale kuliko waliochaguliwa?"

Hoja hii si ya kupuuzwa. Wakati wa Wabeljiji nchi hii ilitawaliwa na maofisa ambao hakuna Mkongo aliyewachagua, na watu waliona uchungu wake. Hata leo mtumishi asiyeguswa na yeyote aweza kuwa mfalme mdogo: huja kazini saa nne, huondoka saa sita, na mgonjwa au mjane hungoja barazani mpaka jua litue. Kwa hiyo twasema wazi kwamba mteule ana haki ya kuamuru kazi. Aweza kusema kwamba mwaka huu fedha zitumike kwa barabara ya Kasongo kwanza, na mtumishi atii, hata kama kura yake ilikwenda kwingine. Aweza pia kudai mvivu na mwizi waadhibiwe, lakini kwa njia ya sheria: mashtaka yaandikwe, mtu ajieleze, kisha hukumu itolewe na wenye kazi hiyo.

Lakini kuamuru kazi ni jambo moja, na kumfanya mfanya kazi kuwa mali yako ni jambo lingine. Mteule apokea kwa watu haki ya kwanza. Haki ya pili watu hawakumpa, kwa sababu hata wao wenyewe hawakuwa nayo.

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13, aliieleza tofauti hii vizuri sana katika kitabu chake kikubwa, Summa ya Teolojia. Aliihesabu dhambi ya upendeleo kuwa kinyume cha haki ile inayogawa vitu vya wote. Akatoa mfano wa ualimu: ukimpa mtu cheo hicho kwa sababu elimu yake yatosha, umetazama kinachomstahilisha, ukimpa kwa sababu tu yeye ndiye Petro au Martino, umetazama nafsi ya mtu. Tuangalie vema: Toma hasemi Petro ni mtu mbaya. Labda Petro ni mwema, ndugu yetu, jirani yetu, tena mwimbaji mzuri kanisani. Kosa halimo katika Petro, limo katika sababu iliyomweka kitini. Na Mtume Yakobo, muda mrefu kabla ya Toma, aliwakemea Wakristu waliomkalisha pazuri mwenye pete ya dhahabu, wakamwacha maskini asimame.

Kwa nini jambo hili ni dhambi juu ya haki, wala si ukosefu wa adabu tu? Kwa sababu cheo si mali ya mgawaji. Mwenye shamba la mizabibu katika mfano wa Bwana wetu aliweza kuwapa vibarua apendavyo, maana fedha zilikuwa zake. Gavana au mbunge hana shamba hapo. Shamba ni la wote, naye ni mgawaji tu. Akimpa asiyestahili, kuna mwingine aliyestahili ambaye amenyang'anywa, ingawa mnyang'anywa pengine hajui. Na mafundisho ya Kanisa ni ya zamani: anayekosea haki ya mwenzake hatoshelezi kwa kuungama tu, yampasa pia kutengeneza hasara aliyoitia, kwa kadiri awezavyo.

Yaliyotokea katika mji huu

Tukitaka kuyajua matunda ya mti huu, hatuna haja ya kwenda mbali. Historia ya Kindu yenyewe yatosha.

Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, kazi za madaraja matatu ya juu ya Serikali zilikuwa karibu 4,600, na Wakongo waliozishika walikuwa watatu tu. Waliomaliza chuo kikuu katika nchi nzima hawakuzidi 30. Tarehe 30 Juni bendera ilipandishwa. Siku chache baadaye askari waliasi, na Wabeljiji wengi wakakimbia. Viti vyao vikajazwa kwa haraka, na waliovijaza walikuwa wanasiasa, maana hapakuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Kuwaweka Wakongo katika kazi za nchi yao kulikuwa haki, wala hatumlaumu mtu. Lakini tangu siku zile kazi ya Serikali ilianza kuonekana kama tunda la siasa. Wanasiasa wenyewe wengi walikuwa wametoka katika biro. Patrice Lumumba alikuwa karani wa shirika la madini huku kwetu Maniema wakati wa vita vya pili vya dunia, halafu karani wa posta Stanleyville, kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Watu waliona kwamba njia ya kutoka biro kwenda utawala ni fupi, wakadhani na njia ya kutoka utawala kwenda biro ni hiyohiyo.

Miaka ya 1962 na 1963 mikoa sita ya nchi ilikatwakatwa ikawa 21, na Maniema ikawa mmojawapo, makao yake Kindu. Kila mkoa mdogo ulikuwa na baraza lake na mawaziri wake, na nyuma ya kila waziri mlikuwa na mlolongo wa ndugu na wenzi waliongoja nafasi. Mishahara ya wachache ilipanda, na wengi wakabaki kama walivyokuwa. Watu wa vijijini waliona kwamba Mzungu ameondoka, lakini kiti chake kimekaliwa na mwingine asiyewatazama.

Kisha ukafika mwezi wa Julai 1964. Waasi walioitwa Simba waliingia Kindu, wakakaa mpaka Novemba. Katika miezi ile waliua raia wengi weusi waliojua kalamu: makarani, walimu, watumishi wa Serikali. Waliwaita "PNP". Hilo lilikuwa jina la chama cha uchaguzi wa 1960 kilichosemwa kuwa rafiki wa Wabeljiji, hata adui zake wakaligeuza jina lake kuwa "chama cha weusi waliolipwa". Wengi wa waliouawa hawakuwa wanachama wa kitu chochote. Walikuwa na kazi ya Serikali, basi. Ilitosha kusema ni watu wa fulani. Na askari wa Serikali pamoja na mamluki walipouteka mji tena, wakawaonea nao waliodhaniwa kuwatumikia Simba. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Sababu za maasi yale zilikuwa nyingi, na hatuwezi kuzipunguza zote ziwe moja. Hata hivyo wafu wale watufundisha jambo. Watu wakiisha amini kwamba kila karani ni mtu wa mkubwa fulani, karani hana tena mahali pa kujikinga, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Neno tunalolisema leo kwa kicheko barazani, "mtu wa fulani", katika mji huu liliwahi kuwa hukumu ya kifo.

Baadaye, tangu 1967, kilikuja chama kimoja cha MPR, na Katiba ya 1974 ikakifanya chama hicho na Serikali kuwa kitu kimoja. Kila Mzairi alihesabiwa mwanachama. Hapo swali letu halikuulizwa tena, maana jibu lilikuwa moja kwa wote. Waandishi wa Katiba ya 2006 walikuwa na kumbukumbu hizi zote walipoandika kile kifungu cha 193.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wa Kongo peke yake. Huko Marekani, kwa muda mrefu katika karne ya 19, chama kilichoshinda kiliwafukuza watumishi na kuweka wake. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyedai apewe kazi ya ubalozi kwa kuwa alikisaidia chama katika uchaguzi, akanyimwa. Rais akafa. Mwaka 1883 ikatungwa sheria ya kuajiri watu kwa mtihani. Mwanzoni iligusa kama kazi moja tu katika kumi, kisha ikaenea kidogo kidogo. Majirani zetu wa Kenya nao waliandika katika Katiba yao ya 2010, kifungu cha 236, kwamba mtumishi wa umma asionewe kwa sababu ametimiza kazi yake kwa kufuata sheria. Twaona basi kwamba ugonjwa una dawa, ila dawa yanywewa polepole, na kwa muda mrefu.

Deni la shukrani

Sasa tufike penyewe. Kwa nini watu wema, wanaohudhuria Misa na kupokea Sakramenti, huingia katika njia hii? Wengine huingia kwa tamaa. Lakini wengi huingizwa na fadhila nzuri, nayo ni shukrani.

Wazee wetu walitufundisha kwamba aliyekulisha usimsahau. Hakuna aibu kubwa kama kuambiwa fadhila za punda ni mateke. Tumfikirie kijana aliyekaa miaka saba na diploma yake sandukuni. Mbunge akamtafutia kazi, watoto wake wakala, mama yake akapata dawa. Leo mbunge yuleyule amtumia neno: kiwanja kile kiandikwe kwa jina la shemeji yangu. Je, kijana huyu hana deni?

Twajibu: analo. Lakini deni hulipwa kwa mali ya mdeni. Amwombee mtu yule kila siku. Akiugua, amtembelee; akifiwa, akeshe naye; sikukuu ikifika, ampelekee kuku. Hayo ni yake, na aweza kuyatoa kwa moyo wote. Lakini saini yake ya kazini, muhuri, hesabu ya kodi, matokeo ya mtihani, hati ya kiwanja cha mjane wa Alunguli, vitu hivi si vyake. Akilipa deni lake kwa hivyo, amelipa kwa kuiba. Mjane atanyang'anywa kiwanja ili karani asifiwe kuwa ni mtu mwenye shukrani!

Na mfadhili naye ajipime. Msaada unaodai malipo si msaada, ni biashara. Na biashara ya kuuza kitu kisicho chako, kila mtu ajua jina lake.

Tena kosa haliwi la wakubwa peke yao. Wazazi wengi, mtoto akimaliza masomo, hawaulizi mtihani utafanywa lini; huuliza ni nani wa kwetu aliye huko juu. Mbunge akikataa kumweka ndugu yake, jamaa humwita mtu asiye na moyo. Wakati wa kura humtaka awe baba wa wote, na baada ya kura humkasirikia akiwa hivyo. Hata barua za mapendekezo zinazoombwa kwa mapadri na kwa wakuu wa shule zaweza kupotea njia. Barua inayosema ukweli juu ya kazi na mwenendo wa mtu ni ushuhuda mzuri. Barua isemayo tu kwamba huyu ni Mkatoliki mwenzetu, asaidiwe, ni upendeleo uliopigwa muhuri wa parokia.

Tufanye nini

Kwa watumishi, Maandiko Matakatifu yana mfano ulio kamili, naye ni nabii Danieli. Alifanya kazi ya Serikali chini ya Nebukadneza, chini ya Belshaza na chini ya Dario. Wafalme walibadilika, yeye hakuwa mtu wa yeyote kati yao. Wenziwe wenye wivu waliitafuta kasoro katika kazi yake wasiipate. Alitii katika mambo yote ya ufalme, akakataa moja tu, lile ambalo Mungu alilikataza.

Na siku hizi tunaye ndugu yetu, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alikuwa mtumishi kijana wa ofisi ya Serikali ya kukagua bidhaa, huko Goma. Alikataa rushwa ili asipitishe chakula kilichoharibika ambacho kingewadhuru watu. Kwa ajili hiyo aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma. Yeye alisongwa na watu wenye mali ya kuuza, wala si na wabunge, lakini jibu la dhamiri ni lilelile kwa kila anayesonga. Alijua kwamba muhuri ule ni wa watu watakaokula chakula kile.

Hatusemi kila karani atafute kufa shahidi. Kuna mambo madogo yaliyo katika uwezo wa kila mmoja. Akiamriwa jambo la kutia shaka, aombe amri hiyo kwa maandishi. Amri mbaya huogopa karatasi. Atunze vizuri nakala za barua na vyeti vyake. Apige kura yake kwa siri kama raia, lakini asiipigie debe siasa akiwa nyuma ya meza ya Serikali. Asikubali cheo asichokiweza, maana hapo ndipo kamba inapofungwa shingoni. Wala asisimame peke yake: iko sendika, iko Tume ya Haki na Amani, wako wenzake wenye dhamiri.

Na sisi Wakristu wengine tusimwachie yeye mzigo wote. Karani akihamishwa kwa sababu ya kukataa uovu, Wakristu wa Kabambare wampokee kama mgeni wa heshima, na jumuiya yake ya Kindu iwaangalie mke na watoto. Ni rahisi kumhubiria mtu ushujaa. Kumlipia mtoto wake ada ya shule ni vigumu zaidi. Haki ya mmoja yahitaji upendo wa wengi.

Kwa wateule twasema kwa heshima: mpanda ngazi hushuka. Muda wa uchaguzi ni miaka mitano. Mtumishi uliyemweka kwa upendeleo atafukuzwa na atakayekufuata, na mkoa utaanza upya na makarani wasiojua hata karatasi zimewekwa wapi. Mtangaze kazi zilizo wazi, watu wote wazisikie. Muuache mtihani uwe mtihani. Na mkienda Kinshasa, bebeni dosye zote za walimu, na iliyotangulia kuandikwa itangulie kutolewa mkobani.

Basi, mtumishi wa Serikali ni mtu wa nani? Mtazameni mama yule asimamaye mlangoni pa biro na karatasi yake mkononi. Hana ndugu bungeni. Pengine hakumpigia kura aliyeshinda, pengine hakupiga kura kabisa. Kodi yake ndogo ya sokoni imo katika mshahara wa kila aketiye ndani. Mtumishi ni mtu wa mama huyo. Na siku ya mwisho, Yezu atakapotenga kondoo na mbuzi, hatamwuliza karani nani alimpa kiti, bali alimtendea nini mdogo aliyesimama mbele ya meza yake.

Tuwaombee watumishi wetu, hasa wale ambao hata leo wafanya kazi bila mshahara, Mungu awape ujasiri wa Danieli. Na tuwaombee wateule wetu wapate furaha ya kusaidia bila kununua mtu.